Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kijana wa Tunduma na Safari ya Asia

Mji wa Tunduma umezoea wasafiri. Malori ya mizigo yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni hapo mchana na usiku, reli ya TAZARA hupita hapo ikielekea New Kapiri Mposhi, na hatua chache tu ng'ambo ya mpaka ndipo ulipo mji wa Nakonde. Katika umati huo huonekana mara kwa mara vijana wa kigeni wenye mashanta mgongoni, wengine wakitoka Cape Town kuelekea kaskazini, wengine wakishuka kutoka Nairobi. Baadhi yao huwa wamekaa miezi kadhaa katika kijiji fulani, wakifundisha shule au kusaidia zahanati bila mshahara, kabla ya kuendelea na safari yao.

Si ajabu basi kwamba vijana wetu nao wanauliza: Mbona tunawaona wakija, nasi hatuendi? Wengi wao huitaja Asia. Wamesikia habari za India na China, wameona picha za milima ya Nepal na pwani za Thailand, nao wangependa kwenda kujionea wenyewe, na ikiwezekana kufanya kazi ya kujitolea huko.

Wazazi hulijibu swali hili kwa namna mbili. Wapo wanaocheka na kusema kwamba safari ya namna hiyo ni anasa ya matajiri. Wapo pia wanaoogopa, nao hukataza bila kutoa maelezo. Jibu la kwanza si la kweli, kama tutakavyoona. Jibu la pili lina hatari yake, kwa kuwa kijana aliyekatazwa bila kuelezwa huanza kufanya mipango kwa siri, na siri ndiyo mlango ambao walaghai huutumia kuingia.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaitumia methali hii kumkaribisha mgeni nyumbani, lakini tukiitazama vizuri tutaona kwamba inampa mgeni wajibu pia. Kijana anayetaka kwenda mbali kujitolea anapaswa kuwa na majibu ya maswali matatu kabla hajafunga mzigo wake. Nani amemwalika? Anakwenda kumfanyia nini mwenyeji wake? Na atarudi kwa fedha ya nani? Maswali haya ni mepesi kuyatamka, lakini ndiyo yanayotenganisha safari ya heri na safari ya majuto.

WALIOTUTANGULIA

Yafaa kwanza ieleweke kwamba kwenda Asia si jambo geni kwa watu wa pwani na bara yetu. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, Mswahili mwenye asili ya Visiwa vya Komoro, alifuatana na Mjerumani aliyekuwa akimtumikia, Theodor Bumiller, katika safari ya kwenda Urusi na Siberia. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kufika Ziwa Nyasa, ambalo haliko mbali na milima yetu ya Ileje. Habari za safari zake aliziandika kwa Kiswahili, nazo zilichapwa mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Salim hakuwa tajiri. Alikuwa mtumishi aliyekwenda kwa sababu ya kazi yake, lakini alitumia macho na masikio, akaandika aliyoyaona, na ndiyo maana hata leo tunaweza kumtaja.

Mfano wa pili unahusu reli inayopita hapa hapa Tunduma. Ujenzi wa TAZARA, wenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Watu wengi wanakumbuka mafundi wa Kichina waliokuja kuijenga. Wachache wanakumbuka kwamba wapo vijana wa Kiafrika waliokwenda upande wa pili. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, mji uliokuwa ukiitwa Peking siku zile, kusomea kazi za reli katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini. Walianza kwa kujifunza lugha ya Kichina, kwa sababu masomo yenyewe yalifundishwa kwa lugha hiyo. Mwaka 1975 walirudi nyumbani na kuingia kazini katika reli.

Tukiwapima vijana wale kwa maswali yetu matatu, tunaona kwamba kila swali lilikuwa na jibu. Walialikwa na chuo kinachojulikana, walikwenda kujifunza kazi iliyohitajiwa nyumbani, na gharama za kwenda na kurudi zilikuwa zimepangwa kabla hawajaondoka. Hata hivyo haikuwa safari nyepesi. Kukaa miaka mitatu katika baridi ya Beijing, mbali na wazazi, na kusoma uhandisi kwa lugha iliyoandikwa kwa alama zisizo na herufi, ni ushujaa ambao haupungui kwa sababu tu ulikuwa na mpango.

AKINA MAMA WA TILONIA

Mtu anaweza kusema kwamba wale walikuwa wasomi. Basi tutazame mfano wa watu ambao hawakuwa na masomo mengi. Katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, kipo chuo kiitwacho Barefoot College, kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972. Chuo hicho huwafundisha wanawake wa vijijini kutengeneza na kufunga mitambo ya umeme wa jua. Kwa miaka mingi kimewapokea wanawake kutoka nchi za Afrika, na Serikali ya India imekuwa ikigharamia nauli na masomo yao kwa njia ya mpango wake wa ushirikiano wa ufundi, ITEC, ulioanzishwa mwaka 1964. Miongoni mwa waliokwenda ni akina mama wa Tanzania, wakiwamo wa Mtwara na wa Zanzibar.

Wengi wa wanafunzi hao walikuwa watu wazima, baadhi yao wenye wajukuu, na hawakujua Kiingereza wala Kihindi. Mafunzo yao ya miezi sita yalitolewa kwa vitendo, kwa ishara na kwa rangi za nyaya na vifaa. Mama aliyeondoka kijijini akiwa hajawahi kupanda ndege alirudi akiwa fundi wa kufunga taa katika nyumba za majirani zake. Baadaye kituo cha namna hiyo kilianzishwa Kinyasini, Unguja, ili mafunzo yatolewe karibu na nyumbani.

Jambo moja katika mpango huo linawahusu vijana wanaosoma makala haya. Bunker Roy amekuwa akieleza sababu ya kuwachagua akina mama wakubwa badala ya vijana wa kiume: kijana akipata cheti hukimbilia mjini kutafuta kazi, lakini mama hurudi kijijini kwake na kubaki huko. Maneno hayo yanaweza kumchoma kijana, lakini ni heri ayafikirie. Anayeomba kwenda kujifunza au kujitolea mbali anapaswa kujua atakayoyafanya siku atakaporudi.

KUJITOLEA NI KAZI

Kujitolea si kupiga picha na watoto wa watu na kurudi nyumbani. Tunao mfano mzuri wa watu waliotoka Asia kuja kwetu. Shirika la vijana wa kujitolea wa Japani, linalojulikana kwa kifupi JOCV, liliundwa mwaka 1965, na limekuwa likileta vijana wake Tanzania tangu mwaka 1967. Kwa kawaida mmoja wao hukaa miaka miwili. Kabla ya kuanza kazi hufundishwa lugha ya watu atakaokaa nao, na hupelekwa mahali palipoomba mtu wa ujuzi wake, iwe ni mwalimu wa hisabati na sayansi, bwana shamba au muuguzi. Mwenyeji ndiye aliyeomba, naye mgeni amekuja na jambo analoliweza.

Kijana wetu anayetaka kujitolea Asia na ajipime kwa kipimo hicho hicho. Umoja wa Mataifa una mpango wake wa watu wa kujitolea, UNV, ulioanzishwa mwaka 1970, na Watanzania wanaweza kuomba nafasi ndani ya nchi na nje. Shirika la VSO, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1958, liliwahi kuwa na tawi Nairobi lililoitwa VSO Jitolee, ambalo kazi yake ilikuwa kuwatafuta wataalamu wa Afrika Mashariki wa kwenda kujitolea katika nchi nyingine. Kwa hiyo si kweli kwamba kujitolea ni kazi ya Wazungu na Wajapani peke yao. Lakini mashirika ya namna hii huuliza ujuzi: unaweza kufundisha, kuuguza, kujenga, kutunza hesabu? Kijana asiye na ujuzi wowote hana cha kujitolea, na ni afadhali aanze kwa kujifunza.

Yapo pia mambo ya kuepuka. Katika nchi kama Nepal na Kambodia imekuwapo biashara ya kuwatoza wageni fedha ili wakahudumu katika nyumba za watoto yatima kwa majuma machache. Uchunguzi nchini Kambodia ulionyesha kwamba watoto wapatao watatu kati ya kila wanne waliokuwa katika nyumba hizo walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Watoto walitolewa kwa wazazi maskini kwa sababu wageni walikuwa wakija na fedha zao. Mgeni wa namna hiyo hakumponya mwenyeji. Alimwongezea ugonjwa, hata kama nia yake ilikuwa safi. Mzazi anayesoma habari hii hana haja ya kuelezwa zaidi uchungu wa jambo hilo.

Sheria nazo ziheshimiwe. Nepal, kwa mfano, hairuhusu mtu mwenye viza ya utalii kufanya kazi, iwe ya mshahara au ya bure. Msafiri aulize ubalozi wa nchi anayoiendea ni viza gani inayofaa kwa shughuli yake, asitosheke na maneno ya wakala.

Hata hivyo msafiri anayekwenda kutembea tu anaweza kupata nafasi ndogo za kutumika. Katika hekalu kuu la Masingasinga lililoko Amritsar, India, wageni makumi ya maelfu hulishwa bure kila siku bila kuulizwa dini wala kabila. Chakula hicho cha chapati na dengu hupikwa na watu wa kujitolea, na mgeni yeyote anaweza kuketi pamoja nao akasukuma chapati au akaosha sahani. Desturi hiyo tunayo hata karibu nasi, maana hekalu la Makindu nchini Kenya, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, limewalisha wasafiri kwa miaka mingi. Kazi ya saa mbili jikoni humfundisha msafiri mengi kuhusu wenyeji wake, na haihitaji wakala wala ada.

MTEGO WA KAZI NZURI

Sasa tufike kwenye jambo linalowatia wazazi hofu, na ambalo ni la kweli. Tangu mwaka 2022 Serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake kuhusu matangazo ya kazi za uongo nchini Thailand. Matangazo hayo huahidi kazi ya kuhudumia wateja, ya kufasiri au ya kompyuta, mshahara mnono, chumba na tiketi ya bure. Kijana akifika Bangkok hupokewa na gari, husafirishwa kwa saa nyingi hadi mji wa Mae Sot ulioko mpakani, kisha huvushwa mto kuingia Myanmar. Huko hunyang'anywa pasipoti, hufungiwa katika majengo yenye walinzi wa silaha, na hulazimishwa kuwatapeli watu wa nchi nyingine kwa simu na kompyuta. Anayekataa hupigwa, na jamaa zake nyumbani hudaiwa fedha ili aachiliwe.

Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa kwamba huenda watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa Myanmar kwa namna hiyo, na wengine wapatao 100,000 Kambodia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu ya watu walitolewa katika kambi za Myanmar na kuvushwa kuingia Thailand. Miongoni mwao walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Hao hawakuwa wajinga. Wengi wanaotafutwa kwa kazi hizo ni vijana waliosoma, wanaojua Kiingereza na kompyuta, tena wenye hamu ya kusaidia familia zao.

Tuyarudie maswali yetu matatu hapa. Nani amekualika? Katika mtego huu mwaliko hutoka kwa mtu anayejulikana kwa namba ya simu tu. Unakwenda kufanya nini? Kazi haielezwi vizuri, na mshahara ni mkubwa kuliko ujuzi unaotakiwa. Utarudi kwa fedha ya nani? Tiketi ni ya kwenda tu. Dalili nyingine ni kijana kuambiwa awadanganye maofisa wa uhamiaji kwamba yeye ni mtalii, kutakiwa apande ndege katika nchi jirani bila sababu inayoeleweka, au kuombwa asiwaambie wazazi wake. Mwaliko wa kweli hauogopi kusomwa na baba na mama.

Tunduma ni mlango wa nchi, na watu wa mlangoni huwaona wengi wakipita, wakiwamo wanaosafirishwa gizani na wafanyabiashara wa binadamu. Tanzania inayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Mawakala wa ajira nao hawaruhusiwi kufanya kazi hiyo bila leseni ya Serikali, na mzazi ana haki ya kuomba kuiona na kwenda kuihakikisha katika ofisi ya kazi. Familia ikihisi kwamba mtoto wao amenaswa, isione haya. Iende polisi au uhamiaji mara moja, kwa sababu kila siku inayopita mateka huweza kuhamishwa.

KABLA YA KUONDOKA

Kijana ambaye amekwisha kuyajibu maswali hayo ana maandalizi ya kufanya. La kwanza ni kujifunza kusafiri hapa hapa nyumbani. Wapo waliozaliwa Tunduma ambao hawajakwenda kukiona Kimondo cha Mbozi, chenye uzito unaokadiriwa kufikia tani 16, ilhali wageni hutoka mabara mengine kuja kukitazama. Na atoke na fedha yake mwenyewe, akae juma moja Ileje au kando ya Ziwa Rukwa, alale nyumba ya wageni ya bei nafuu, apange chakula chake na arudi na hesabu. Ajitolee miezi michache katika shule au zahanati ya karibu, apate barua ya kumshuhudia. Asiyeweza kujitolea Vwawa hataweza Kathmandu.

La pili ni hati. Pasipoti iwe na muda wa kutosha, na viza iwe ile inayolingana na shughuli. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa na nchi nyingi za Asia kwa wanaotoka Afrika. Nakala za hati zote zibaki nyumbani. Tanzania ina balozi zake katika miji kama Beijing, New Delhi, Tokyo, Seoul na Kuala Lumpur, lakini si kila nchi ya Asia ina ubalozi wetu. Msafiri ajue kabla ya kuondoka ni ubalozi gani unaoihudumia nchi anayoiendea, na aandike anwani yake.

La tatu ni fedha. Tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilometa 900, na mwenye haraka akisahau gharama hiyo ataanza safari akiwa na upungufu. Katika India msafiri wa kipato kidogo anaweza kutumia treni za daraja la kawaida lenye vitanda na kula katika mikahawa ya wenyeji, ambako wali, dengu na chapati havitamshangaza Mtanzania. Lakini iwepo akiba ambayo haiguswi, ya matibabu na ya kurudi nyumbani, nayo ijulikane na mzazi.

La nne ni mapatano na familia. Wakubaliane siku ya juma ya kupigiana simu, na neno moja la siri ambalo kijana akilitaja wazazi watajua kwamba yumo taabuni hata kama anasema kwamba ni mzima. Jambo hilo halina gharama.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndugu mzazi, usimcheke mwanao anapoitaja Asia, wala usimfokee. Mketishe, umuulize nani amemwalika, anakwenda kufanya nini, na atarudi kwa fedha ya nani. Akiweza kukujibu kwa majina na kwa hesabu, mpe baraka zako aende. Asipoweza, asubiri mwaka mmoja, ajifunze kazi na lugha. Asia haitahama.